Masalia ya mawe baada ya upasuaji wa figo: mawimbi yapigwe lini?

Malalamiko yameongezeka kwamba wagonjwa waliokwisha kutolewa mawe ya figo "wanazungushwa" kabla ya kupangiwa mawimbi ya mshtuko ya kuvunja vipande vilivyobaki. Tunaelewa uchovu wa kurudi hospitali kila mara, lakini kusubiri huku ni sehemu ya matibabu.

Aliyetolewa jiwe kupitia tundu la mgongoni ana njia iliyotobolewa ndani ya nyama ya figo. Mawimbi yakipigwa kabla njia hiyo haijapona, damu inaweza kuvuja upya ndani ya figo au kuizunguka. Tena picha ya siku za mwanzo hupotosha: vumbi la mawe lililojikusanya huonekana kama jiwe zima, ilhali vipande vingi vya chini ya milimita 4 hutoka vyenyewe na mkojo. Ndiyo maana kipimo cha CT (picha za mionzi za ndani ya mwili) cha dozi ndogo ya mionzi hufanywa yapata wiki 4 baada ya upasuaji, na mawimbi hupangwa baada ya majibu. Aliyefanyiwa kwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo hakutobolewa figo, hivyo huweza kupangiwa mapema zaidi.

Si kila kipande kinafaa kwa mawimbi. Kilicho kigumu sana, au kilicho kwenye kona ya chini ya figo, mara nyingi huhitaji kamera. Mawe ya asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa. Mawe yaliyotokana na maambukizi hayaachwi hata yakiwa madogo, kwa sababu hukua upya haraka.

Kinachoahirisha miadi mara nyingi ni mkojo. Bakteria hujificha ndani ya jiwe. Likivunjwa wanatoka na kuingia kwenye damu, na mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo mkojo huoteshwa maabara, na majibu huchukua siku 2 hadi 3. Leta sampuli siku 7 hadi 10 kabla ya miadi: nawa kwanza, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati. Kijiti cha kuchovya cha duka la dawa hakitoshi, na majibu ya miezi miwili iliyopita hayatoshi pia. Ukija nayo utarudishwa, na nafasi yako atapewa mwingine. Kusema "sina dalili yoyote" hakubadilishi hilo.

Unayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwemo, taja mapema. Usiziache kwa uamuzi wako, hasa kama una tatizo la moyo. Presha isiyodhibitiwa nayo huahirisha matibabu. Mjamzito hapigwi mawimbi kabisa.

Kuchelewa nako kuna hatari. Wengi huwekewa stenti, mpira mwembamba kutoka figo hadi kibofu, kisha maumivu yakiisha hawarudi. Stenti haiyeyuki. Ikipitiliza miezi 3 huanza kujengewa mawe juu yake, na kuitoa kunaweza kudai upasuaji mwingine. Tarehe ya kuitoa imeandikwa kwenye karatasi ya ruhusa; isome kabla ya kuondoka wodini.

Siku ya matibabu mashine hupiga mipigo 2,000 hadi 3,000, kwa kasi ya 60 hadi 90 kwa dakika. Tafadhali msiwaombe wahudumu waharakishe: kasi ndogo huvunja jiwe vizuri zaidi na huipunguzia figo majeraha. Awamu ya pili, ikihitajika, kwa kawaida husubiri takriban wiki 2.

Ukirudi nyumbani kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe, uchuje kwa kitambaa safi, na vipande uvilete vipimwe. Mkojo mwekundu kwa siku moja au mbili ni kawaida. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, au kushindwa kukojoa si kawaida: nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, bila kusubiri siku ya kliniki.