Je, wajua kwa nini magari ya haibridi yalitoweka kwa karibu miaka 80?

Wengi wetu tulianza kulisikia neno haibridi, yaani gari linalotumia petroli na umeme, pale Toyota Prius na Aqua zilizotumika Japani zilipoanza kushushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Ndiyo maana tunadhani ni teknolojia ya juzi. Kumbe mwaka 1900, mjini Vienna, Austria, kijana wa miaka 25 alikuwa tayari ameunda gari lenye injini ya petroli na mota za umeme. Kijana huyo ni Ferdinand Porsche, ambaye jina lake tunalijua leo kwa magari ya mbio.

Porsche alikuwa mwajiriwa wa Lohner, kampuni iliyotengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Gari lake la umeme lilikuwa limewashangaza watu kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka huohuo, kwa sababu mota zilifungwa ndani ya vitovu vya magurudumu ya mbele, bila gia wala mnyororo. Ugonjwa wake ulikuwa betri. Zile za risasi na asidi zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400, na zikiisha chaji safari imekwisha.

Alichofanya Porsche ni kupunguza betri na kufunga injini mbili ndogo za petroli. Injini hizo hazikuzungusha gurudumu hata moja. Kila injini iliendesha jenereta yake, umeme ukaenda moja kwa moja kwenye mota za magurudumu, na uliobaki ukaingia kwenye betri. Gari aliliita Semper Vivus, yaani hai daima. Injini hizo zikizimwa, gari liliendelea kwa umeme wa betri peke yake. Kwa fundi wa mwaka 1900, hiyo ni akili ya kupigiwa saluti.

Mbelgiji Henri Pieper alikwenda njia nyingine. Yeye aliunganisha injini na mota kwenye mhimili mmoja: kwenye mlima mota inaisaidia injini, na kwenye tambarare inageuka jenereta na kuchaji betri. Aliomba hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, mwaka 1905, akaipata mwaka 1909.

Mjini Chicago, kampuni ya Woods ilianza kuuza gari la Dual Power mwaka 1916. Dereva alikuwa na vijiti viwili kwenye usukani, kimoja cha umeme na kingine cha petroli. Aliondoka kimya kwa umeme hadi karibu kilomita 24 kwa saa, kisha akasogeza kijiti cha pili na mota ikaiamsha injini. Hakuna klachi ya kukanyaga wala gia ya kubadilisha. Ila bei! Dola 2,650, wakati Ford Model T ilipatikana kwa chini ya dola 500. Tena mwendo wake wa juu haukupita sana kilomita 56 kwa saa. Mwaka 1918 uzalishaji ulikoma.

Bei peke yake haielezi yote. Wateja wa magari ya umeme walikuwa wanalikimbia gari la petroli kwa sababu lilitoa moshi na kelele, na zaidi kwa sababu liliwashwa kwa kuzungusha hendeli, ambayo ikirudi nyuma ghafla ilivunja mkono. Lakini tayari mwaka 1912 Cadillac ilikuwa imetoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Hofu ya hendeli ikaisha, petroli ikazidi kupatikana kwa urahisi, na sababu ya kulipia mitambo miwili ndani ya gari moja ikapotea.

Ilibidi ifike miaka ya 1970, uchafuzi wa hewa ulipozua wasiwasi Marekani, ndipo wazo lianze kutazamwa upya. Mhandisi Mmarekani Victor Wouk aliigeuza Buick Skylark kuwa haibridi, ikapimwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 1974, lakini mradi ukaachwa. Prius ilipoingia sokoni Japani Desemba 1997, ilikuwa na vitu viwili ambavyo Porsche na Pieper hawakuwa navyo: betri za nikeli zenye uzito mdogo kuliko za risasi, na kompyuta inayoamua yenyewe, kila sekunde, petroli ifanye kiasi gani na umeme ufanye kiasi gani.