Gini 20 Kupitia Tundu la Mlango

Kwenye mikutano yetu ya elimu ya mpiga kura, swali hili halikosi: kama mgombea hakunipa kwa mkono wake, nimekosa nini? Na lazima atokee wa kudai kwamba rushwa ya uchaguzi tumeianzisha sisi, Mwingereza alituachia bunge safi. Basi twende kwao.

Mwaka 1774 mji wa Shaftesbury, Uingereza, uliwapata wabunge wawili: Francis Sykes na Thomas Rumbold. Wote walitajirikia India wakiitumikia Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, ambako mshahara ulikuwa kidogo, ila biashara za pembeni na "zawadi" za watawala wa kienyeji ndizo zilizojaza masanduku. Waliorudi na utajiri huo waliitwa manabobu, kutoka nawab, cheo cha watawala wa kule. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa sisi neno naibu.

Katika uchaguzi huo, mpiga kura alipelekwa kwenye mlango wenye tundu. Nyuma ya mlango alikaa mtu aliyevaa kama Punch, kikaragosi wa maonyesho ya mitaani, akampitishia kifurushi cha gini 20, sarafu za dhahabu za Uingereza. Chumba cha pili alisaini hati kwamba anadaiwa na "Glenbucket", mtu asiyekuwepo duniani. Kwa hiyo ni mkopo, si hongo! Ndiyo hiyohiyo "nauli" na "hela ya sabuni" tunayoletewa kila msimu.

Sheria ya 1729 ilikuwa wazi. Mtoaji na mpokeaji, kila mmoja pauni 500 kwa kila kosa, na haki ya kupiga kura imekwisha. Mgombea yeyote, au wapiga kura wawili, waliweza kudai mpiga kura ale kiapo kwamba hajapokea kitu. Mkosaji aliyemfichua mwenzake ndani ya miezi 12, mwenzake akatiwa hatiani, alisamehewa. Na kesi ya madai ilifunguliwa na mtu yeyote, si lazima serikali.

Aliyeshindwa, Hans Winthrop Mortimer, alipeleka malalamiko bungeni. Mwaka 1775 Sykes na Rumbold wakavuliwa ubunge, kiti kimoja akapewa yeye. Hakuishia hapo. Alimshtaki Sykes, na mwaka 1776 akashinda pauni 11,000. Gawanya kwa 500: makosa 22, yamehesabiwa moja moja.

Mwaka 1780 Shaftesbury ilipiga kura tena. Ikawachagua Sykes na Rumbold.