Mzazi amezeeka: tumtunze nyumbani au tumtafutie makazi ya wazee? Maswali na majibu

Nimeyakusanya maswali ambayo watu wanauliza kila siku kuhusu kumtunza mzee, nayajibu moja moja. Unakuta familia nyingi zinaanza kuuliza mzee akiwa wodini tayari, daktari kashasema kesho anatoka, na hapo mnatakiwa muamue ndani ya siku mbili jambo lililohitaji miezi.

Swali: Tutajuaje kama mzee wetu anahitaji msaada kweli au ni uzee tu?

Achaneni na miaka yake kwanza, maana kuna wa 85 anajipikia na anasafiri mwenyewe, na kuna wa 66 hawezi kufunga vifungo vya shati. Angalia anachoweza kufanya. Madaktari wana orodha ya vitu sita ambayo Sidney Katz na wenzake waliitoa Marekani mwaka 1963 na mpaka leo inatumika: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kukaa kwenye kiti, kuzuia haja, na kula mwenyewe. Alafu kuna orodha ya pili, ya Lawton na Brody mwaka 1969, hiyo ni mambo ya kuendesha maisha kama kutumia simu, kwenda kununua vitu, kupika, usafi, kufua, usafiri, kumeza dawa kwa mpangilio na kushika hela. Kwa kawaida ya orodha ya pili ndo yanaanza kupotea, kwaiyo ukiona bili imelipwa mara mbili, sufuria zimeungua, vidonge vimejaa kwenye pakiti wakati vilitakiwa viwe vimeisha, nguo ni ile ile siku ya nne na mwili unazidi kupungua, usiseme "ndo uzee huo". Kaa nae, muulize kwa upole nini kinamshinda.

Ila shika hili moja. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri juzi, leo hajui yuko wapi, au analala tu mchana kutwa hana habari na mtu, hiyo sio dalili ya kutafuta makazi. Ni ya kumpeleka hospitali leo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi kuna sababu yake kama maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kukosa maji mwilini au dawa mpya aliyoandikiwa, na ikitibiwa wengi wanarudi kwenye hali yao. Na uso ukipinda upande au mkono mmoja ukilegea ghafla, hicho kinaweza kuwa kiharusi, kimbieni.

Swali: Hizi aina za huduma ni ngapi? Tunasikia majina tu, hatujui tofauti.

Zipange kwa kiasi cha msaada mtu anaohitaji, utaelewa haraka. Ya kwanza ni kubaki nyumbani kwake na mhudumu anakuja, inaweza kuwa saa mbili kwa siku au usiku na mchana. Hapa watu wanachanganya vitu viwili, mhudumu wa kumwogesha na kumlisha sio nesi, asipewe kazi ya kubadilisha mpira wa mkojo au kuchoma sindano ya insulini kama hajafundishwa. Ya pili ni kituo cha kutwa, mzee anapelekwa asubuhi anarudishwa jioni, anakutana na wenzake, anafanya mazoezi, na anayemlea anapata nafasi ya kwenda kazini. Mimi hii naipenda sana, maana upweke wenyewe unaumiza, na watu wengi hata hawaijui.

Alafu kuna makazi ya wazee wanaojitegemea, mtu ana chumba au nyumba yake ndogo, hakuna wa kumwogesha, faida yake ni kwamba hakuna ngazi, kuna kengele ya dharura na majirani wa rika lake. Kuna makazi ya kusaidiwa, hapo analetewa chakula, anakumbushwa dawa, anasaidiwa kuoga na kuvaa lakini anabaki na mlango wake. Mwisho kuna nyumba ya uuguzi, yani manesi wapo saa 24, hiyo ni ya mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, mwenye vidonda, au anayelishwa kwa mpira. Kumpeleka mtu wa kusaidiwa kidogo kwenye nyumba ya uuguzi ni kosa, atanyong'onyea, na kumweka wa uuguzi kwenye makazi ya kusaidiwa ni hatari.

Swali: Mama ana ugonjwa wa kusahau, je yeye anaenda wapi?

Ugonjwa huo, dimensia, Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 wanaishi nao mwaka 2021, na Alzheimer, aina yake inayoonekana zaidi, peke yake ni kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Mwanzoni anaweza kukaa nyumbani vizuri kabisa, ilimradi ratiba isibadilikebadilike na vitu vikae mahali pake. Shida inakuja akianza kutoka usiku, kuacha jiko linawaka, au kuwaogopa watu anaowajua. Hapo kuna vitengo maalum vya kuwatunza watu wanaopoteza kumbukumbu, milango inalindwa na wahudumu wamefundishwa kutobishana nae. Uholanzi kuna Hogeweyk, mji mdogo uliofunguliwa 2009 kwa ajili ya watu hawa, wanatembea barabarani na wanaingia dukani bila kufungiwa chumbani, na sehemu nyingi zimejifunza kutoka kwao. Chochote utakachochagua, akikuuliza mama yake yuko wapi wakati alifariki zamani, usimwambie "si alishakufa", kwake yeye ni msiba mpya kila siku. Muulize "ulikuwa unampenda sana eeh? nisimulie".

Swali: Tumeamua abaki nyumbani, tuanze na nini?

Anzeni na kuanguka. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 wanakufa kwa kuanguka kila mwaka duniani, na waliovuka miaka 60 ndo wengi. Mwambie aketi kwenye kiti, asimame, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Toa mazulia yanayoteleza, weka taa njia ya chooni usiku, funga vyuma vya kushikilia bafuni (sio kile cha kutundika taulo, hicho kinang'oka), na ndala za kuburuza tupa. Pelekeni pia dawa ZOTE kwa daktari kwenye mfuko mmoja, hata za kununua wenyewe, kwa sababu mtu mwenye presha, sukari na usingizi mbovu unakuta anameza dawa saba, nyingine zinamfanya apate kizunguzungu akiinuka.

Kama hatoki tena kitandani, mgeuzeni mara kwa mara, wengi hufanya kila saa mbili, na mkague nyonga, visigino na mfupa wa makalio kila siku. Wekundu usiotoka ukibonyeza ni mwanzo wa kidonda.

Swali: Baba anakataa kabisa, tumlazimishe?

Kama akili yake inaelewa, uamuzi ni wake, hata kama nyie hamuupendi. Usimdanganye kwamba mnaenda kutembea alafu ukamwacha huko, imani ikivunjika hapo hairudi. Muulize anaogopa nini hasa, wengi hawaogopi nyumba, wanaogopa kusahaulika. Jaribuni kukaa wiki mbili kwanza, sehemu nyingi zinapokea kwa muda mfupi.

Swali: Tukienda kukagua makazi tuangalie nini?

Msiishie kwenye bustani ya mbele. Nendeni mara mbili, mara ya pili bila kutoa taarifa, jioni au wikendi, ndo wahudumu wanakuwa wachache. Harufu ya mkojo kila mahali inakuambia kitu. Angalia kengele ikilia inachukua muda gani kujibiwa, wahudumu wanawaita wazee kwa majina au "wewe", wangapi wako usiku, wangapi wameacha kazi mwaka huu. Uliza kama wanawafunga wazee kwenye viti. Mkataba usomeni wote, hasa palipoandikwa nini kitatokea hali yake ikizidi au hela ikiisha.

Swali: Tiba shufaa si ndo kusubiri kifo?

Hapana. Ni kutuliza maumivu, kukosa pumzi, kichefuchefu na hofu, na inaweza kwenda pamoja na matibabu mengine tangu ugonjwa unapogundulika. Hospisi ndo huduma ya miezi ya mwisho ya maisha, na nyingi zinamhudumia mtu kitandani kwake nyumbani.

Swali: Mimi ndo namlea peke yangu, nimechoka na naona aibu kusema.

Sema. Ukianza kumfokea, kukosa usingizi, kulia bila sababu au kuacha dawa zako mwenyewe, umezidiwa, na mlezi aliyezidiwa anaweza kumuumiza mzee bila kutaka. Kaa na ndugu zako, usiwaambie "nisaidieni", hiyo haishikiki. Gawa kazi: wewe dada ni Jumamosi asubuhi mpaka jioni, kaka ni dawa na kliniki, aliye mbali alipie mhudumu siku mbili kwa wiki. Andikeni kwenye karatasi, na siku yako ya mapumziko ikifika toka nyumbani kweli, ukalale.