Disosiesheni si skizofrenia, na si nafsi iliyovunjika

Jana tena nimemsikia mtu mzima na elimu yake anasema "yule ana skizofrenia, leo yuko hivi kesho ni mtu mwingine kabisa". Jamani hapana. Skizofrenia ni ugonjwa mwingine wa akili, wa mtu kusikia au kuamini yasiyokuwepo. Hiyo anayoisema ni disosiesheni, yaani kumbukumbu, hisia na ule utambuzi wa "mimi" vinaachana badala ya kwenda pamoja, basi.

Mkanganyiko umeletwa na jina skizofrenia lenyewe. Eugen Bleuler, daktari wa akili wa Uswisi, alilitunga mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki, kupasua na akili, watu wakasikia kupasuka wakadhani ni watu wawili ndani ya mmoja, kumbe yeye alikuwa anaongelea mawazo na hisia za mgonjwa kukosa mshikamano. Disosiesheni ni Kilatini, ndani yake kuna socius, mwenzi, kwa hiyo ni wenzi waliotenganishwa, na mimi naona neno hili linafaa zaidi.

Sasa chanzo chake. Pierre Janet, mwanasaikolojia Mfaransa, aliandika mwaka 1889 kwamba akili ikishtuliwa sana inaishiwa nguvu ya kuunganisha mambo, tukio linabaki pembeni linaendelea kivyake. Freud akaja na lake kwamba akili yenyewe ndiyo inalisukuma nje lile isilotaka kulijua. Haya mawili watu wanayachanganya kila siku, na ni tofauti kabisa, huku ni kuishiwa nguvu, kule ni kukataa.

Fikiria mtoto anapigwa na mtu yuleyule anayemkimbilia akiogopa. Anakodolea macho ufa wa ukutani mpaka anahisi yuko juu darini, anamwangalia mtoto mwingine akipigwa. Giovanni Liotti, daktari wa akili wa Italia, alilishikilia sana hili, kwamba mtoto akikosa pa kukimbilia hawezi kujenga picha moja ya mzazi wala yake mwenyewe. Wapo wanaopinga, mwanasaikolojia Nicholas Spanos kwa mfano alisema zile nafsi nyingi zinazodaiwa kuwa ndani ya mtu mmoja zinajengwa na matarajio ya jamii na maswali ya mtabibu, na ubishi huo haujaisha.

Ila kwa wengi wanaoamini chanzo ni kiwewe cha utotoni, yaani jeraha la akili la utotoni, mtoto hazaliwi na nafsi nzima halafu ikapasuka. Anazaliwa na hali mbalimbali, kulia, kutulia, kuogopa, ambazo huungana polepole akiwa na mtu wa kumtuliza. Kwa hiyo ndugu yangu, ukisema "nafsi yake imevunjika" nakuelewa, ila sema haijapata nafasi ya kuungana.