Jinxue: tundu la mwili lililopigwa marufuku sindano

Watu wakisikia kuwa nafuatilia tiba ya sindano ya Kichina, swali lao la kwanza huwa lile lile: ni kweli kuna mahali mwilini ukimgusa mtu anaanguka na kufa? Wengi tulilipata swali hilo kwenye vibanda vya video, mzee wa kung fu mwenye ndevu nyeupe akimdonoa adui kwa kidole kimoja chini ya sikio, na adui akakauka kama gogo. Dhana iliyo nyuma ya picha zile ipo kweli. Ina jina, ina umri wa miaka elfu mbili hivi, na walioitunga ni matabibu waliokuwa wakiogopa kuua.

Jina lake ni jinxue. Jin maana yake ni marufuku. Xue, neno ambalo huku kwetu tunazoea kulitafsiri "nukta", kwa Kichina ni shimo, tundu, pango. Mimi nashika neno tundu, kwa sababu nukta ni alama tu juu ya karatasi, lakini tundu lina kina, na ndani yake kuna kitu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ina matundu 361, yamepangwa kwenye njia ambazo, kwa imani ya tiba hiyo, qi hupita, yaani ile pumzi ya uhai. Jinxue ni matundu ambayo sindano haiingii kabisa, au inaingia kidogo tu, au inaruhusiwa kwa watu wote isipokuwa baadhi. Aina ya kwanza ni chache mno. Nyingi ni za aina ya pili na ya tatu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea wanapolisikia neno marufuku.

Chimbuko lake ni Huangdi Neijing, kitabu mama cha tiba ya Kichina. Sura ya 52 ya sehemu yake iitwayo Suwen inazungumzia makatazo ya sindano peke yake, na inatisha kuisoma. Sindano ikifika kwenye moyo, mgonjwa hufa kwa siku moja. Pafu, siku tatu. Ini, siku tano. Figo, sita. Wengu, kumi. Nyongo, siku moja na nusu. Kila kiungo kimepewa dalili yake: aliyechomwa pafu atakohoa, aliyechomwa nyongo atatapika. Ukichoma kisogoni kwenye tundu la Naohu, jina lenye maana ya mlango wa ubongo, na sindano ikaingia kwenye ubongo, kifo ni hapo hapo.

Hesabu hizo za siku sizichukui kama kipimo. Lakini katikati ya makatazo hayo kuna moja ambalo daktari yeyote wa leo angelitia sahihi. Linasema ukichoma Quepen ukazamisha sindano, qi huvuja, na mtu hubaki akihema na kukohoa. Quepen ni beseni lenye pengo. Weka kidole juu ya mtulinga wako, katikati, utalikuta lile bonde ambalo kwa mtu mwembamba maji ya kuoga hutuama. Hapo chini ndipo ilipo ncha ya pafu. Watu wengi hudhani pafu linaishia chini ya mtulinga, kumbe linachungulia juu yake. Sindano ikilitoboa, hewa hutoka na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu linanywea, na mgonjwa anaanza kuhema na kukohoa. Watu wale hawakuwa na picha ya eksirei. Walikuwa na mgonjwa aliyetoka kwa tabibu akiwa amezidiwa kuliko alivyoingia, na mtu aliyejali vya kutosha kuliandika jambo hilo ili lisirudiwe.

Kunywea kwa pafu bado ndilo dhara kubwa linalotajwa zaidi katika tiba hii, na tundu linalotajwa sana si Quepen bali jirani yake, Jianjing, kisima cha bega. Liko juu kabisa ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, pale unapojikanda mwenyewe ukichoka. Kila mwenye bega gumu hutaka achomwe hapo. Niliwahi kusimama karibu na tabibu mzee akimshughulikia mama mmoja aliyeshinda mwaka mzima na bega lililokakamaa. Hakuielekeza sindano chini. Aliufinya ule mnofu kwa kidole gumba na cha shahada, akauinua kama mtu anayenyanyua mbeleko, halafu akaipitisha sindano kwa ulalo ndani ya mnofu aliokuwa ameushika, kutoka mbele kwenda nyuma. Haikuzama hata wanda moja. Nilipomuuliza kwa nini asiichome wima kama ya mguuni, alilaza kiganja juu ya bega la yule mama akasema, "Chini ya hapa ni hewa." Sijasikia maelezo mafupi ya jinxue yanayoyapita hayo.

Kutoka Suwen, makatazo yaliingia kwenye vitabu vya matundu. Huangfu Mi, aliyeishi kati ya mwaka 215 na 282, alikusanya matundu yote kwa mpangilio na kuandika katazo la kila moja mahali pake. Mwaka 1027, zama za Song, Wang Weiyi alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba zenye ukubwa wa mtu, zimetobolewa kila penye tundu. Inasimuliwa kuwa kwenye mtihani sanamu ilipakwa nta na kujazwa maji, mwanafunzi akachoma kwa kukisia: akipatia, maji yanatoka. Na mwaka 1601 kikatoka kitabu cha Yang Jizhou, Zhenjiu Dacheng, ambamo makatazo yamewekwa kwa mashairi ili mwanafunzi ayahifadhi kwa moyo. Aliyepita madrasa anajua kwa nini. Kitu ulichokiimba utotoni kinakuja chenyewe mkono unapokuwa tayari umeshika sindano.

Shairi hilo linaanzia kichwani: Naohu, Xinhui, Shenting. Xinhui ni utosini kwa mbele, na vitabu vinakataza kumchoma hapo mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa kuwa mifupa ya utosi haijashikana. Mama yeyote anayemkanda kichanga wake anajua kuzunguka pale panapopwita bila kupabonyeza, ingawa hakuna aliyemsomea kitabu. Kisha shairi linashuka kifuani, tumboni, kwenye mikono na miguu. Likifika Jianjing linasema ukizamisha, mtu atazirai, basi harakisha kumchoma Zusanli, tundu la chini ya goti, atazinduka. Nalipenda sana shairi hilo kwa sababu halikuishia kwenye onyo. Linajua mwanafunzi atakosea, na limemwekea njia ya kurudi.

Kifungu chake kinachogusa wengi leo ni cha wajawazito: mwenye mimba asichomwe Hegu wala Sanyinjiao. Hegu ni kwenye mnofu kati ya kidole gumba na cha shahada. Sanyinjiao ni ndani ya mguu, nyanda nne juu ya kifundo, ukipima kwa vidole vya mgonjwa mwenyewe. Katazo hili lina kisa chake, kimo katika historia rasmi ya nasaba za kusini za China, na kinamhusu tabibu Xu Wenbo wa karne ya 5, zama za Liu Song. Alitoka na mfalme, kijana aliyejifunza kupima mapigo ya mshipa, wakakutana na mwanamke mjamzito. Kijana akampima akasema mimba ni ya mtoto wa kike. Xu Wenbo akapima akasema ni mapacha, wa kiume na wa kike. Kijana, ambaye historia inamkumbuka kwa ukatili wake, akataka tumbo lipasuliwe hapo hapo ajue nani mkweli. Xu Wenbo akamwonea huruma yule mwanamke. Akaomba atumie sindano, akaipunguza nguvu Sanyinjiao, akaizidisha Hegu, na mimba ikatoka. Walikuwa wawili, kama alivyosema.

Kila nikikisoma nafikiri juu ya yule mwanamke, ambaye hata jina hakuandikwa. Kwa tabibu, sindano ilikuwa njia ya kumwepusha na kisu. Kwa vizazi vilivyofuata, kisa kikawa ushahidi kwamba matundu yale mawili yanatoa mimba. Ushahidi wenyewe ni mwembamba. Majaribio ya kisasa yaliyotumia matundu hayo hayo ili kuanzisha uchungu kwa wajawazito waliotimiza miezi hayajaonyesha nguvu kubwa kiasi hicho, na wapo matabibu waliobobea wanaosema katazo limetiwa chumvi. Hata hivyo wengi bado wanaliheshimu, nami nawaunga mkono: matundu mengine yapo tele, na hakuna haja ya kumpa mjamzito hofu ya bure.

Si kila katazo linaelezeka kwa mshipa au pafu. Shairi linasema tundu la Shimen, chini ya kitovu, likichomwa sindano au kuchomewa moto, yaani majani makavu yakiwashwa juu yake kama tiba, mwanamke hatazaa maisha yake yote. Hilo halina msingi wa kimwili ninaoujua. Kulikuwa pia na katazo la kalenda, liitwalo renshen, kwamba roho ya mtu huhama mwilini kila siku ya mwezi mwandamo, na popote ilipo hapachomwi. Siku ya kwanza imo kwenye kidole gumba cha mguu, na siku ya 15 imeenea mwili mzima, kwa hiyo siku hiyo sindano hulala. Msomaji wa pwani hatashangaa. Wanaopiga chuku nao hungoja siku zao, mwezi 17, 19 na 21, na hawampokei mtu siku yoyote tu. Watu wawili walio mbali hivyo waliona damu na pumzi kama maji yenye kujaa na kupwa, wakaufuata mwezi.

Kwa nini basi matundu mengi ya kwenye shairi yanachomwa leo kila siku na watu wanarudi nyumbani salama? Sababu kubwa ni sindano yenyewe. Vitabu vya kale vinataja aina tisa, na ndani yake kuna zenye makali kama kisu cha kutumbulia jipu. Katazo lililotungwa kwa chuma cha namna hiyo, kisichochemshwa, ni zito kuliko linavyohitajika kwa sindano ya leo, nyembamba kama unywele, inayotumika mara moja na kutupwa. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2001 ulifuatilia matibabu zaidi ya 34,000 na haukukuta dhara kubwa hata moja.

Lakini kabla hatujayaita makatazo ya kale ushirikina, kuna Danzhong. Liko katikati ya kifua, baina ya chuchu mbili, juu ya mfupa wa kidari, na shairi linalikataza. Kwa miaka mingi wengi waliona katazo hilo halina maana, kwani chini yake kuna mfupa, na sindano itagonga tu. Mwaka 1995 madaktari wa Norway waliandika habari za mwanamke aliyefariki baada ya kuchomwa hapo. Mfupa wake wa kidari ulikuwa na tobo la kuzaliwa nalo, sindano ikapita, ikafika kwenye moyo, damu ikajaa kwenye mfuko wa moyo. Watu wenye tobo la namna hiyo si wachache, kama watano katika kila mia, na wengi wanaishi na kufa bila kujua. Ndiyo maana leo inafundishwa kuilaza sindano hapo sambamba na ngozi.

Suwen ina katazo jingine ambalo halina ramani yoyote: usimchome mlevi, mwenye hasira kali, aliyechoka sana, aliyetoka kula sasa hivi, mwenye njaa, mwenye kiu, wala aliyeshtuka. Timu za madaktari wa Kichina zimekuwa zikifika Zanzibar tangu 1964, na tiba ya sindano imo katika kazi zao. Ukienda kwa tabibu wa sindano popote ulipo na umefunga au hujala tangu jana, mwambie. Mwambie pia kama una mimba, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una kifaa cha moyo. Kwa mtu wa namna hiyo, tundu lililo salama kwa jirani yake linaweza kuwa jinxue.

Yamebaki mawili ambayo sindano haiingii kabisa, jana na leo. Moja ni Shenque, lango la roho, yaani kitovu. Huangfu Mi alionya kuwa kikichomwa hutoa kidonda kibaya. Kitovu ni vigumu kukisafisha na ukuta wa tumbo hapo ni mwembamba, kwa hiyo onyo lake limesimama. Lakini hakikuachwa bure: hujazwa chumvi, juu yake ikawekwa fundo la majani makavu ya jamii ya pakanga, likawashwa, na joto likashuka polepole tumboni kwa mwenye kuharisha au baridi ya tumbo. La pili ni Ruzhong, chuchu. Haichomwi wala haichomewi. Imebaki kwenye orodha ya matundu 361 kwa sababu ndiyo alama ya kupimia, na bila yake tabibu hajui aanzie wapi kuyahesabu mengine ya kifuani.