Je, wajua kwa nini mashine ya kusafisha hewa hushindwa na uvundo wa ofisi ya nyumbani?

Masika yakikolea Kigoma, kuanzia Novemba hadi Aprili, chumba kilichogeuzwa ofisi huanza kujisema chenyewe. Ukifungua mlango asubuhi unapokelewa na harufu ya karatasi zilizolala na maji, au ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Nyuma ya kabati la mafaili ukuta una madoa meusi, na mkoba wa kompyuta umeota unga mweupe. Mwenye chumba anaagiza mashine ya kusafisha hewa kutoka Kariakoo, inafika kwa basi, anaiwasha wiki mbili mfululizo, na uvundo bado uko palepale. Mashine si mbovu. Inafanya kazi yake, ila kazi hiyo siyo aliyoidhania mnunuzi.

Ukungu unapokula karatasi, mbao, gundi ya vitabu au vumbi lililoganda ukutani, hutoa vitu viwili hewani. Cha kwanza ni vijimbegu vyake, ambavyo vingi vina upana wa maikromita 2 hadi 10. Hivyo ndivyo huwasumbua wenye pumu na mzio: chafya, macho kuwasha, kifua kubana. Cha pili ni gesi, na gesi ndiyo inayonuswa. Mojawapo ni jiosmini, ileile inayonukisha udongo mvua ya kwanza inapodondoka. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kiduchu mno. Nyingine hunuka kama uyoga mbichi.

Sasa tazama kilichomo ndani ya mashine. Mashine nyingi zinazouzwa nchini zimejengwa kuzunguka chujio la HEPA, ambalo kwa kipimo cha Marekani hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikromita 0.3. Kijimbegu cha ukungu ni kikubwa kuliko hapo mara nyingi, kwa hiyo kinanaswa bila shida. Lakini molekuli ya gesi ni ndogo kuliko hata maikromita 0.001. Inapita katikati ya nyuzi za chujio kama maji yanavyopita kwenye wavu wa dagaa. Ndiyo sababu mtu anaweza kupiga chafya kidogo kuliko zamani na bado chumba kikanuka vilevile.

Gesi hunaswa na mkaa uliochomwa kwa namna maalumu, kwa joto kali pamoja na mvuke au kemikali, hadi ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja yake ina uso wa ndani unaozidi mita za mraba 500. Gramu 15 tu zinatosha kufunika uwanja wa mpira. Mkaa wa jikoni hauna vitundu vingi hivyo, kwa hiyo beseni la mkaa kwenye kona ya ofisi halifiki popote. Udi na ubani vinapendeza, lakini hufunika harufu tu, tena moshi wake unaongeza chembe hewani.

Tatizo la mashine za bei ndogo liko kwenye uzito wa mkaa huo. Nyingi zimewekewa kitambaa chembamba cheusi chenye gramu chache za mkaa. Siku za kwanza harufu inapungua, mnunuzi anafurahi, kisha vitundu vinajaa na kila kitu kinarudi. Kwa chumba kinachonuka kweli, tafuta mashine yenye mkaa wa punje, uliomwagwa ndani ya chombo, usiopungua nusu kilo. Ukipata kilo moja au mbili ni bora zaidi. Muulize muuzaji uzito wa mkaa. Asipoujua na karatasi ya mashine isipoutaja, chukulia kuwa ni mdogo. Tena kuna jambo ambalo watu wa pwani ya ziwa wanapaswa kulijua kuliko wa Dodoma: hewa yenye unyevu mwingi huudhoofisha mkaa, kwa sababu mvuke wa maji hugombania vitundu vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, shughulikia maji. Ukungu hauoti bila maji, na mashine haiwezi kushindana na ukuta unaozalisha harufu mchana na usiku. Nunua kipima unyevu kidogo cha kidijitali, kisha kihakiki kwanza, maana vya bei rahisi husema uongo. Weka kijiko kimoja cha chumvi kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, si mpaka iyeyuke. Fungia kifuniko hicho na kipimo pamoja ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kipimo kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 69, kila mara ongeza 6 kwenye usomaji wako. Halafu kiweke ofisini, mbali na dirisha. Chini ya asilimia 60 uko salama. Unyevu ukikaa karibu na 80 kwenye uso wa ukuta, ukungu una kila kitu unachohitaji.

Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni safi, chenye ukubwa wa sentimita 40 kwa 40, kwenye ukuta unaoutilia shaka, ukizibe pande zote nne kwa selotepu. Kiache siku mbili. Matone yakikaa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe: labda yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukutandikwa karatasi ya DPC, ile ya kuzuia unyevu, labda gata limeziba na mvua inarukia ukutani, labda bomba linavuja. Matone yakiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, ni mvuke wa hewa unaoganda kwenye ukuta uliopoa usiku. Matatizo haya mawili hayana dawa moja. La kwanza ni la fundi: kuzibua gata, kuchimba mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, kushusha udongo uliorundikana juu ya usawa wa sakafu. Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ni kosa linalorudiwa kila mwaka. Maji hayana pa kutokea, rangi inavimba na kubanduka, na ukungu unaota nyuma yake.

Mabati nayo yatazamwe. Usiku bati hupoa haraka, mvuke unaganda chini yake na kudondokea dari. Ukiona duara za kahawia kwenye jipsamu hata wiki isiyo na mvua, sababu ni hiyo. Dari linahitaji matundu ya hewa. Jipsamu iliyolowa na kuota ukungu haisafishiki, ikatwe ibadilishwe.

Ukungu ulio juu ya ukuta mgumu, vigae au chuma uoshe kwa maji na sabuni. Ukitaka kutumia jiki, robo lita katika lita nne za maji inatosha. Madirisha yawe wazi, vaa glavu na barakoa inayobana, na kamwe usichanganye na siki wala dawa nyingine ya chooni, kwa kuwa gesi inayotoka ni ya sumu. Usikwangue ukungu mkavu kwa brashi, utautawanya chumba kizima. Kabati lisogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite. Maboksi ya karatasi yasikae sakafuni.

Kwa mvuke wa hewa, kiangazi cha Juni hadi Septemba ni rahisi: fungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hewa ya nje ikiwa kavu. Masika hewa ya nje yenyewe imelowa, na hapo ndipo mashine ya kukausha hewa huizidi ile ya kusafisha. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, urefu wa mita 2.7, yaani mita za ujazo 32. Kwa joto la nyuzi 27, kushusha unyevu kutoka asilimia 85 hadi 55 ni kutoa robo lita tu ya maji hewani. Ni kidogo, sivyo? Lakini hewa mpya hupenya chini ya mlango na kwenye kingo za madirisha. Nusu ya hewa ya chumba ikibadilika kila saa, inabidi kutoa takriban lita 3 kwa siku, kabla hata ya maji yanayotoka kwenye kuta na vitabu. Vile vikaushio vidogo vya mezani visivyo na kompresa, vinavyokusanya mililita 300 hivi kwa siku, havina nafasi hapo. Tafuta cha kompresa kilichoandikwa lita 10 hadi 12 kwa siku; namba hiyo hupimwa kwenye joto na unyevu mkubwa, kwa hiyo tarajia kama nusu yake. Kinakula wati 200 hadi 250, sawa na uniti 2 za LUKU kwa saa 8. Aliye na kiyoyozi tayari anaweza kuanza nacho, kwani nacho hutoa maji hewani.

Baada ya hapo ndipo mashine ya kusafisha hewa inapata kazi inayoiweza: kuokota vijimbegu vilivyobaki na mabaki ya harufu. Namba ya kuangalia ni CADR, yaani ujazo wa hewa safi inayotolewa kwa saa. Zidisha ujazo wa chumba mara 5. Kwa mita za ujazo 32 inakuwa 160 kwa saa. Ila CADR hupimwa feni ikiwa kasi ya juu kabisa, ambapo kelele haziruhusu kuongea na simu; nunua ya 250 au zaidi ili uiendeshe kasi ya kati. Ukikuta namba imeandikwa kwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7. Epuka maneno kama “aina ya HEPA”, hayaahidi kitu. Epuka kabisa mashine zinazojisifu kutoa ozoni: ozoni huunguza mapafu, na kwa kiwango kisichodhuru mtu haiui ukungu. Taa ya urujuanimno ndani ya mashine ndogo si ya kulipia zaidi, hewa hupita mbele yake haraka mno.

Soma pia upande wa umeme. Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 120 na itaungua kwenye volti 230 zetu. Pitisha yako kwenye stabilaiza, maana umeme unaporudi baada ya kukatika huja na nguvu. Na kabla ya kulipa, ulizia bei ya chujio la akiba na lini linaweza kufika Kigoma. Mashine isiyo na chujio linalopatikana ni feni tu baada ya mwaka mmoja.

Iweke sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani, si chini ya meza, si nyuma ya pazia. Mlango na madirisha vifungwe inapofanya kazi, lakini kila baada ya saa mbili au tatu fungua dakika kumi, kwa sababu haiondoi hewa chafu ya pumzi zako. HEPA huhitaji kubadilishwa kila miezi 6 hadi 12. Usiioshe kwa maji kama karatasi yake haikuruhusu: chujio lililolowa lenyewe huota ukungu. Mkaa hauonyeshi rangi ukichoka. Ukitoka nje robo saa, ukirudi ukakuta uvundo ilhali kipimo kinasoma chini ya 60, mkaa umejaa.