Mafuta ghafi si petroli: dhana potofu kuhusu viwanda vya kusafishia mafuta na bei ya lita

Kila mwezi mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya, zinapotangaza bei kikomo, watu huuliza kwa nini lita imepanda ilhali redio imesema mafuta yameshuka katika soko la dunia. Jibu linalotolewa vijiweni mara nyingi ni kwamba tunaibiwa. Ulanguzi unaweza kuwapo, na ukiwapo unapaswa kukomeshwa, lakini kati ya kisima na kituo cha mafuta kuna kiwanda cha kusafishia, na bila kukitazama hicho bei haieleweki.

Dhana: Bei ya mafuta ghafi ikishuka, petroli haina budi kushuka.

Ukweli: Bei inayosomwa kwenye taarifa ya habari ni ya pipa la mafuta ghafi, lenye takriban lita 159, na hakuna gari linalotumia mafuta ghafi. Kenya na Tanzania huagiza petroli, dizeli na mafuta ya ndege yaliyokwisha kusafishwa, kwa hiyo hesabu ya bei huanzia kwenye gharama ya bidhaa hizo, hasa katika soko la Ghuba ya Arabuni, kisha huongezwa nauli ya meli, bima, kodi na tozo. Bidhaa hizo zina soko lake. Viwanda vikipungua au vikisimama, pengo kati ya bei ya ghafi na bei ya petroli hupanuka, na wakati mwingine moja hushuka huku nyingine ikipanda. Hayo yalionekana wazi Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoipiga pwani ya Texas na kusimamisha takriban robo ya uwezo wote wa usafishaji wa Marekani. Mafuta ghafi yalikosa mitambo ya kuyapokea, bei yake ikalegea, na katika siku hizo hizo madereva wakalipa zaidi kwa petroli.

Dhana: Mahitaji yakiongezeka, wenye viwanda wanaweza kusafisha zaidi wakitaka.

Ukweli: Mwaka 2022 wengi wangependa sana kufanya hivyo, maana faida ya kusafisha dizeli ilikuwa kubwa mno, lakini nafasi haikuwapo. Baadhi ya viwanda vilikuwa vimefungwa moja kwa moja wakati wa korona. Nchini Marekani pekee uwezo ulishuka kutoka karibu mapipa milioni 19 kwa siku mwanzoni mwa 2020 hadi karibu milioni 18 mwanzoni mwa 2022, na viwanda vilivyobaki vilikuwa vikifanya kazi kwa zaidi ya asilimia 90 ya uwezo wao. Tena pipa moja hutoa petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta mazito kwa pamoja, na uwiano huo haubadiliki sana bila kufunga mitambo mipya. Ndiyo maana dizeli inaweza kuadimika petroli ikiwapo, na uhaba wake huwafikia hata wasio na gari, kwa kuwa malori yanayobeba mahindi na matrekta yanayolima hutumia dizeli.

Dhana: Viwanda vya zamani vya Changamwe (Mombasa) na TIPER (Dar es Salaam) vikirudi kusafisha mafuta, bei itashuka.

Ukweli: Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na inatoka mahali pa haki, kwa sababu inauma kuona eneo zima likitegemea mitambo ya wengine. Hata hivyo, historia ya kiwanda cha Changamwe, Mombasa, inaonyesha kinyume. Kilijengwa kwa teknolojia ya miaka ya 1960, isiyokuwa na mitambo ya kuvunjavunja mafuta mazito ili yawe petroli au dizeli, na hivyo sehemu kubwa ya kila pipa iliishia kuwa bidhaa ya bei ndogo. Kampuni za mafuta zilikuwa zikilazimika kupitisha humo sehemu ya mahitaji yao, na zililalamika kwamba lita iliyosafishwa Mombasa iliwagharimu zaidi kuliko iliyoagizwa tayari. Kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya hisa mwaka 2009. Usafishaji ukakoma mwaka 2013, na leo matangi yake hutumika kuhifadhi mafuta. TIPER ya Dar es Salaam nayo imebaki kuwa ghala. Huko Zambia, kiwanda cha INDENI cha Ndola kimesimamisha usafishaji, na bomba la TAZAMA lililokuwa likikipelekea ghafi kutoka Dar es Salaam sasa hupitisha dizeli.

Vilivyovishinda viwanda hivi ni vikubwa kupita kiasi. Kiwanda cha Jamnagar, katika jimbo la Gujarat nchini India, husafisha zaidi ya mapipa milioni 1.2 kwa siku, na gharama yake kwa kila pipa ni ndogo kiasi kwamba hata baada ya nauli ya meli bidhaa zake huweza kushindana hapa pwani.

Nigeria imejaribu njia ya ukubwa. Kiwanda cha Dangote kimejengwa kwa uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku na kilianza kutoa petroli Septemba 2024, lakini bei ya lita haikurudi ilikokuwa kabla ya ruzuku kuondolewa Mei 2023, kwa kuwa mafuta ghafi, hata ya nyumbani, hupimwa kwa bei ya dunia, na kiwanda hicho kimelazimika kununua mengine kutoka Marekani.

Kwa maoni yangu, hoja yenye nguvu ya kuwa na kiwanda ni uhakika wa kupata mafuta. Julai 2022 India iliweka kodi kwenye petroli na dizeli zinazouzwa nje ili soko lake la ndani lisikose, na mnunuzi asiye na kiwanda hakuwa na la kufanya ila kulipa au kutafuta kwingine.

Dhana: Mafuta ya Uganda yakianza kufika Tanga, mkoa huo utapata petroli ya bei nafuu.

Ukweli: Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani limebuniwa kubeba mafuta ghafi ya kuuzwa nje, mazito kiasi cha kuhitaji kupashwa moto njia nzima ili yasigande. Kiwanda kinachopangwa kujengwa Kabaale, Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, ni mradi mwingine kabisa. Kitakapokamilika, soko lake la kwanza litakuwa Uganda yenyewe na majirani zake walio mbali na bahari, ambako safari ndefu ya lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam huongeza gharama ya kila lita, na hapo kiwanda kidogo kina nafasi ambayo Changamwe, iliyokuwa kando ya bandari, haikuwa nayo.